Kioo cha Mutuka Hakihitaji Bahari

Kidani ninachokisoma hapa kina vitu vinne tu: kigae cha chupa ya kijani, waya mwembamba wa shaba uliochunwa kwenye kebo ya umeme, shanga tatu nyekundu, na uzi mweusi wa kukivalia shingoni. Kimetengenezwa nyumbani, Mutuka, mojawapo ya kata za mji wa Babati, na mama ambaye mchana hushona nguo na jioni hufunga vioo. Kutoka meza hiyohiyo nina pia hereni mbili za kioo cheupe na kidani cha pili, cha buluu. Nitavihakiki kama ninavyohakiki diwani ya mashairi: umbo limepangwaje, kila sehemu inafanya kazi gani, na wapi mtunzi ameteleza. Nasema hivyo mapema kwa sababu mapambo ya mikono huku kwetu hupokewa kwa huruma kuliko kwa jicho. Mtu huyanunua ili "kumuunga mkono mama", akayatia kwenye droo, na fundi asijue kamwe kipi alikipatia na kipi alikikosea. Huko ni kumnyima haki yake. Anayefanya kazi kwa makini anastahili kusomwa kwa makini.

Nianze na hereni, kwa kuwa ndizo zilizonikera. Zinapendeza kwa mbali. Kila moja ina ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, imeviringwa pande zote, na uso wake wote una ukungu mweupe unaofanana. Zimetobolewa tundu juu na kupitishiwa kulabu. Zilikuja zimeshikizwa kwenye kikaratasi kilichoandikwa "vioo vya bahari". Hapo ndipo usomaji unapokwama, kwa maana maandishi yanasema jambo moja na kioo kinasema jingine.

Kioo kilichokaa baharini husomeka. Chupa huvunjika, vipande huviringishwa na mawimbi miaka mingi, mara nyingi miongo, na kazi mbili hufanyika kwa pamoja. Ya kwanza ni ya mchanga. Chembe za mchanga kwa sehemu kubwa ni madini ya kwazi (quartz), ambayo kwa kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7, na kioo cha chupa ni kama 5.5, kwa hiyo kila wimbi linapovuta na kusukuma, kilicho kigumu kinakikwaruza kilicho laini. Ya pili ni ya maji yenyewe. Maji ya bahari huyafyonza polepole magadi yaliyomo ndani ya kioo, na uso ukabaki na vishimo vidogo mno. Ukikitazama kwa lenzi unaona alama nyingi za mwezi mwandamo, kila moja ni pigo la jiwe fulani siku fulani. Ukungu wake haulingani: umetanda zaidi pale kioo kilipobinuka, ni hafifu pale kilipobonyea. Ukingo mmoja umekwisha kabisa, mwingine bado una kona. Ni uso ulioandikwa na wengi, kwa muda mrefu, bila mpango.

Hereni za Mutuka hazina alama hizo. Ukungu wake ni mmoja toka ukingo hadi ukingo, na mikwaruzo yake, ukiielekeza kwenye dirisha, inakwenda upande mmoja, kama mkono ulivyokwenda. Huo ni uso wa msasa wa maji. Si uso mbaya hata kidogo. Ni kazi ya subira, na nimeigusa nikaisikia ilivyolainika. Kosa lake ni kwamba umbo zima limepangwa ili msomaji aamini jambo ambalo halikutokea. Fundi ameondoa kila dalili ya chupa, akaondoa na kila dalili ya mkono wake, akitaraji kwamba kitakachobaki ni bahari. Kilichobaki ni ukimya. Hereni hizi hazina mahali.

Na tujiulize bahari inatafuta nini Babati. Kutoka hapa hadi Tanga kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 400. Maji tuliyonayo ni Ziwa Babati, lenye viboko na mitumbwi ya wavuvi, na hayo ni maji baridi: hayana chumvi ile na hayana mawimbi yale. Kipande cha chupa kilichodumbukia ziwani kitakatika makali kikisuguana na changarawe, lakini hakitapata ule uso wa vishimo. Hata huko ulikotoka mtindo huu, sifa ya kioo cha pwani inatokana na mahali panapojulikana. Seaham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kulikuwa na kiwanda cha chupa cha John Candlish kilichoanza mwaka 1853 na kufungwa mwaka 1921. Mabaki ya kioo yalimwagwa baharini, na ndiyo sababu watu hadi leo huokota pale vipande vyenye rangi mbili tatu zilizoshikana. Fort Bragg, California, wakazi walitupa takataka zao ufukweni tangu mwaka 1906 hadi mwaka 1967, na sasa ufukwe huo umekuwa kivutio. Anayevaa kigae cha Seaham amevaa mabaki ya kazi ya watu wa Seaham. Uzuri wake ni huo, na huo hauigiki kwa msasa.

Sasa nikirudi kwenye kidani cha kijani, naona mkono uleule umefikiri tofauti kabisa.

Kigae hiki kimetoka kwenye ukingo wa kitako cha chupa, mahali ambapo kioo kinapinda kutoka sakafu ya chupa kwenda ubavuni. Pale kioo ni kinene; kikipanda kinakuwa chembamba. Kwa sababu hiyo rangi yake si moja. Chini ni kijani kizito kinachokaribia weusi, katikati ni kijani cha jani la mgomba, na juu, karibu na waya, imepauka hadi inakaribia maji. Hakuna rangi iliyopakwa. Ni unene tu unaofanya kazi, na fundi ameuona, akaamua kukining'iniza kikiwa na uzito wake chini. Angekigeuza, kingekuwa kigae tu. Alivyokiweka, jicho linashuka pamoja na rangi.

Kisha kuna vinundu. Chupa nyingi za viwandani huwa na mstari wa vinundu vidogo kwenye ukingo wa kitako. Kwenye kidani hiki vinundu saba vimebaki, vimejipanga kwenye tao la chini. Fundi amesaga pande mbili zilizovunjika hadi zikawa salama kwa shingo, lakini tao hili hakuligusa. Huu ndio uamuzi mkubwa wa kazi nzima. Kwa vinundu saba msomaji anajua kilikuwa chupa. Anajua kiwanda kilianza, mtu akanywa, kitu kikaanguka, na mkono mwingine ukaendeleza. Katika hereni historia hiyo imefutwa. Hapa imekuwa pambo. Nimeona wanawake wawili wakikipokea kidani hiki mkononi, na wote wawili, bila kuambiwa, walipitisha kidole kwenye vile vinundu.

Kuna watakaosema: kigae kisicho na ulinganifu si pambo, ni takataka iliyofungwa waya. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu pambo la kioo katika nchi hii limekua kwenye ulinganifu. Ushanga ni punje iliyo sawa na mwenzake, yenye tundu katikati, inayopata maana ikiwa kwenye safu. Kitabu cha kale cha mabaharia wa Kigiriki, Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja vijiwe vya kioo miongoni mwa bidhaa zilizoletwa katika pwani yetu. Wachimbuaji wamekuta shanga za kioo katika miji ya kale ya Waswahili, Kilwa ikiwamo. Na kioo hicho hakikukomea pwani. Richard Burton, aliyechapisha mwaka 1860 maelezo ya safari yake ya kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, alisema aina za shanga zilizokuwa sokoni zilifika kama 400. Zile nyekundu zilizoitwa samesame zilikuwa juu kwa thamani. Msafara uliobeba rangi ambayo watu wa mahali fulani hawakuitaka msimu ule ulikosa hata chakula cha kununua. Napenda sana jambo hilo. Viwanda vya Venice vilituma, lakini aliyeamua kipi kizuri alikuwa mnunuzi wa bara, mara nyingi mwanamke, aliyeitazama punje na kusema hii hapana. Uhakiki wa kioo huku bara ni wa zamani kuliko uhakiki wa vitabu.

Wanawake hao hawakuishia kununua. Sketi za ngozi ambazo wasichana wa Kiiraqw walizishona wakiwa wametawishwa katika unyago wa marmo, na ambazo leo nyingine zimo katika makumbusho ya ng'ambo, zimejaa shanga ndogo zilizopangwa kwa safu na duara kwa hesabu ya kushangaza. Wanawake wa Kibarbaig nao wana sketi zao za ngozi na shanga zake. Tazama kazi hizo kwa karibu: punje moja haina lake, nguvu imo katika kurudi kwa rangi. Nyeupe, nyeupe, buluu, nyeupe, nyeupe, buluu. Ni shairi la arudhi, lenye mizani iliyohesabiwa na vina vinavyorudi mahali pake, kama alivyolieleza Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha sheria za utunzi cha mwaka 1954. Kigae cha Mutuka ni shairi huru. Na sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili tunaujua ugomvi uliozuka Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974: wapo waliosema kisicho na vina na mizani si shairi, na wapo waliojibu kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Nilichojifunza katika ugomvi ule ni kwamba shairi huru lina mzigo mzito zaidi. Halina kanuni ya kuliegemeza, kwa hiyo kila neno lijieleze kwa nini lipo pale. Kidani kisicho na ulinganifu hupimwa hivyohivyo.

Nikipime basi. Waya umeanzia nyuma, umepita kwenye kona ya kushoto iliyo pana, ukazunguka mara mbili, ukakatiza mbele kwa mshazari na kushika kona ya kulia iliyo nyembamba, kisha ukapanda kuwa kitanzi. Ule mshazari si urembo. Bila huo kigae kingechomoka, maana upande wa kulia hauna bega la kushikia. Fundi hakutoboa tundu, na nadhani alifanya vyema. Tundu kwenye kigae kinene hudai drili na ncha ya almasi na maji yanayotiririka, na bado kioo huweza kupasuka. Zaidi ya hapo, tundu hukifanya kigae kiwe ushanga mkubwa, kiingie kwenye mlolongo. Waya unakizunguka kama kilivyo, unafuata kona zake, na kwa kufuata unatuonyesha kona zile ambazo tusingeziangalia. Shaba nayo imeanza kugeuka rangi, inaelekea udongo wa Babati, na kijani kimepata jirani anayekifaa.

Shanga tatu nyekundu juu ya kitanzi zinanipa mashaka. Mbili zinatosha. Nyekundu isiyopitisha mwanga juu ya kijani kinachopitisha mwanga ni mpangilio mzuri. Jicho hutua kidogo kwenye nyekundu ndipo linaposhuka. Lakini ya tatu imebanwa, imeinama, na inakivuta kitanzi kulia, hivi kwamba kidani kikivaliwa hakitulii katikati ya kifua. Kosa jingine ni ncha ya waya iliyoachwa nyuma bila kukunjwa. Inakwaruza ngozi na itachana blauzi. Fundi anayeshona nguo hawezi kusamehewa ncha hiyo. Akunje kwa plaizi, aizamishe chini ya mzunguko wa pili, na kazi itakuwa imekamilika.

Kidani cha buluu nakigusia kwa kifupi, kwa sababu kosa lake ni la hereni lililovaa nguo ya gharama. Kimekatwa pembe kwa jiwe la kunolea, kikang'arishwa, kikafungwa kwenye chuma cheupe kinachong'aa, na kila anayekiona anauliza kama ni tanzanite. Swali hilo ndilo lililokusudiwa. Tupo Manyara, na Mirerani inakochimbwa tanzanite iko Simanjiro, mkoa huuhuu, na hakuna asiyekumbuka Juni mwaka 2020, mchimbaji Saniniu Laizer alipouza mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7. Buluu katika mkoa huu haiwezi kuwa rangi tu. Lakini tanzanite ina tabia ambayo kioo hakina: ukiigeuza, upande mmoja ni buluu, mwingine zambarau, mwingine unaelekea wekundu wa mvinyo. Kioo ni kilekile pande zote. Kidani hiki kimekatwa pembe ili kiahidi mabadiliko, na kila unapokigeuza hakibadiliki. Umbo linaahidi, kitu hakitimizi. Sisemi kwamba kusaidiwa na mkono ni aibu. Hata tanzanite nyingi hupitishwa motoni ndipo zipate buluu ile. Nasema kioo cha buluu ya kobalti kina uzuri wake, mzito na tulivu, ambao ungeonekana kama kingeachwa na mpindo wa chupa kilimotoka.

Hapa hapa mkoani tunao mafundi waliokwisha kutatua tatizo la kufanya pambo kutokana na kilichotupwa. Wahunzi wa Kibarbaig huyeyusha kufuli, mabomba na skrepa nyingine kwa mkaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi, wakamimina, wakafua bangili, kisha wakachora mistari na pembetatu kwa ncha ya chuma. Bangili ile haijidai dhahabu. Mistari imechimbwa wazi, pigo kwa pigo, na unaweza kuhesabu mkono ulivyotembea. Arusha nako, karakana ya Shanga iliyoanza mwaka 2007 na kuajiri watu wenye ulemavu hugeuza chupa kuukuu kuwa shanga na vyombo. Na nje ya Nairobi, Kitengela, karakana aliyoianzisha Nani Croze imefanya kazi na vioo vilivyokwisha kutumika kwa miaka mingi. Hao wote wana tanuri. Moto hufuta umbo la zamani na kutoa jipya, na hiyo ni njia halali. Fundi wa Mutuka hana tanuri wala hawezi kulipia moto wa nyuzi mamia kwa mamia kila jioni. Njia yake ni kuvunja, kusaga na kufunga, na katika njia hiyo umbo la zamani haliwezi kufutwa lote. Badala ya kulionea aibu, alifanye ndilo somo.

Hata mali ghafi yake inasema mengi akiiacha iseme. Chupa ya bia ya kahawia hurudi dukani kwenye kreti, kwa hiyo kigae cha kahawia ni cha chupa iliyovunjika kwa bahati mbaya. Chupa ndogo nyeupe za pombe kali zilizagaa baada ya serikali kupiga marufuku pombe ya viroba mwezi Machi mwaka 2017. Buluu ni adimu. Mtu akizipanga rangi hizo kwenye mkufu mmoja kwa uwiano wa zinavyopatikana mtaani, atakuwa ametunga kitu kuhusu mji huu ambacho hakuna fundi wa Seaham anayeweza kukitunga. Kazi hiyo bado sijaiona, nami ningeisubiri kwa hamu.

Nimwombe pia jambo moja la afya, kwa kuwa kazi hufanyika nyumbani penye watoto: asage ndani ya maji kila mara, afunike mdomo na pua, na matope ya kioo ayazike, asiyamwage uani yakakauka kuwa vumbi. Vumbi hilo likiingia kifuani halitoki.

Hukumu yangu ni hii. Kidani cha kijani ni kazi ya sanaa iliyokaribia kukamilika. Kipunguzwe ushanga mmoja na ncha ya waya ikunjwe. Kidani cha buluu kifumuliwe chote, na kigae kingine cha buluu kiachwe na mpindo wake, kifungwe kwa shaba. Hereni zibaki kama zilivyo, zina kazi nzuri ya msasa, ila kile kikaratasi kitolewe na kiandikwe kingine: "Chupa ya Babati, imesagwa kwa mkono Mutuka." Na wewe msomaji ukipita Babati ukakutana na vioo hivi mezani, usiulize kama vimetoka baharini. Uliza ilikuwa chupa ya nini, kisha kigeuze ukitazame nyuma kabla hujatoa pesa.